Nipande lini? Kusoma utabiri wa kiangazi kando ya Ziwa Kivu

Kila mwaka, mwezi wa tano ukikaribia kuisha, simu za Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huanza kupokea picha ya aina moja: ramani ya Afrika Mashariki iliyopakwa kijani, njano na kahawia, na chini yake maneno ya herufi kubwa kwamba kiangazi kinachokuja kitakuwa kirefu, au kikali, au hakitakuwepo kabisa. Jirani yangu, mama anayeuza maharagi sokoni Nyawera na kulima shamba la familia huko Kabare, aliniletea ramani hiyo jioni moja. «Mwalimu,» aliniuliza, «hii rangi iko juu yetu ama juu ya Rwanda?» Kabla sijajibu akaongeza: «Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Nipande lini?»

Swali lake lina akili kuliko maneno yote yaliyoandikwa chini ya picha ile. Nataka kulijibu vizuri, na kulijibu kunahitaji kufungua mafundo kadhaa, kwa sababu ramani ya msimu ni kitu kinachosomwa vibaya na watu wengi, hata waliosoma.

Fundo la kwanza ni neno lenyewe. Shuleni watoto wetu hukariri kwa Kifaransa kwamba mwaka una majira manne, na kwamba Julai ni «été», wakati wa joto. Ndugu walioko Bruxelles wakipiga simu mwezi huo wanalalamikia joto, nasi huku tumejifunika blanketi. Bukavu iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Jua haliendi mbali nasi hata mwezi mmoja, kwa hiyo wastani wa joto wa mwezi mmoja na mwingine hutofautiana kidogo sana. Kinachougawa mwaka wetu ni mvua. Kiangazi ni Juni, Julai na Agosti: mchana jua kali, usiku baridi inayouma, vumbi kwenye barabara, na anga ambalo kufikia Agosti limekuwa jeupe kama maji ya mchele.

Mvua inakwenda wapi miezi hiyo? Kuna ukanda wa mawingu unaoizunguka dunia karibu na ikweta, mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana. Hewa inapokutana hupanda juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Ukanda huo unalifuata jua likipanda kaskazini na kurudi kusini, ila kwa kuchelewa kidogo. Mwezi wa saba umekwisha kutuacha. Uko juu ya Sudan Kusini na nchi za Sahel. Kwetu zinabaki pepo za kusini-mashariki, zilizotoka Bahari ya Hindi na kupita juu ya nyanda za Tanzania, zikiacha unyevu njiani. Zinapofika Kivu ni kavu, na hewa ya juu inashuka badala ya kupanda. Mwezi wa tisa ukanda unarudi, unapita juu yetu ukielekea kusini, halafu unapita tena ukielekea kaskazini. Ndiyo maana tuna mvua za Septemba hadi Desemba, upungufu mdogo kati ya Januari na Februari, kisha mvua hadi Mei. Wakulima wanaziita msimu A na msimu B. Msimu C ni wa wale wenye bahati ya kuwa na kipande bondeni, ambako udongo hubaki na maji hata mvua ikikatika.

Lubumbashi mambo ni mengine kabisa, ingawa ni nchi moja. Kule ni zaidi ya nyuzi 11 kusini mwa ikweta, karibu na mahali ukanda unapogeuzia. Unakuja mara moja tu, hivyo kuna msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu kinachoanza Mei na kufika hata Oktoba, baridi kali ya usiku mwezi wa sita na wa saba, halafu joto la mwezi wa kumi kabla mvua hazijatulia. Na huko Muanda, kwenye kipande chetu kifupi cha pwani ya Atlantiki, kiangazi ni mawingu ya kijivu kutwa nzima bila tone la mvua, kwa sababu bahari hapo imepoozwa na maji baridi yanayopanda kutoka kusini. Mtu anayesema «kiangazi cha Kongo» kana kwamba ni kimoja anakosea tangu mwanzo.

Ule weupe wa anga la Agosti nao unatoka mbali. Ni vumbi letu, ndiyo, lakini pia ni moshi wa nyasi zinazochomwa Katanga, Angola na Zambia miezi hiyo, unaosafirishwa na pepo. Kuna siku ukisimama Nguba huwezi kukiona kisiwa cha Idjwi. Wazee husema mvua ya kwanza inaosha anga, na ndivyo ilivyo.

Fundo la pili ni ziwa na milima. Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Ziwa Kivu lina urefu wa kilomita 90 hivi, na pale lilipo pana kabisa ni kama kilomita 50. Pande zote limezungukwa na milima. Mchana ardhi inapata joto upesi kuliko maji, hewa inapanda kwenye miteremko, na upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Ndiyo maana mawingu ya alasiri hujikusanya juu ya milima kwanza. Usiku mambo yanageuka: miteremko inapoa, hewa baridi inateremka hadi majini, na huko inakutana na hewa ya uvuguvugu. Wavuvi wanaijua dhoruba ya alfajiri inayozaliwa katikati ya ziwa wakati mji umelala chini ya nyota.

Sasa fikiria kompyuta inayotabiri msimu. Haiangalii kila kilima. Inaigawa dunia katika miraba, na katika modeli ya msimu ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambayo ni mojawapo ya zinazoheshimika zaidi, kila mraba una upande wa kilomita 36 hivi. Katika mraba mmoja wanaweza kuingia mvuvi wa ziwani, mkulima wa Kabare na msitu wa Kahuzi, wote wakapewa namba moja. Teremka barabara ya Uvira: kutoka Bukavu mto Ruzizi unashuka mita 700 hivi mpaka Ziwa Tanganyika, na safari ya saa chache inakutoa kwenye baridi ya koti mpaka kwenye bonde la joto ambako pamba na mpunga humea. Luvungi, huko bondeni, na Bukavu si hali moja ya hewa hata siku moja, ila kwenye ramani ndogo ya simu ziko chini ya rangi moja. Kwa hiyo nilipomjibu jirani yangu kwamba rangi ile iko juu yetu na juu ya Rwanda pia, sikuwa ninamkwepa. Mbingu haina mpaka, na ramani ile haioni ukubwa wa Kabare.

Kiangazi kinafanya kazi nyingine ambayo haionekani angani. Upepo wa kusini ukizidi, unaupoza uso wa ziwa na kuyafanya maji yatoe mvuke mwingi. Maji yaliyopoa yanakuwa mazito, yanazama, na tabaka la juu linachanganyika hadi kina cha mita 60 hivi. Rutuba iliyokuwa imelala chini inapanda kwenye mwanga, mimea midogo sana ya majini inaongezeka, na samaki wadogo tunaowaita sambaza wanapata chakula chao. Samaki hawa si wenyeji wa zamani wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sahani ya sambaza ni chakula cha tajiri na maskini. Watu wengine, wakisikia maji ya ziwa «yanachanganyika», wanaogopa gesi. Niseme wazi: gesi ya kaboni na methani imefungwa kwenye vilindi vya chini sana, katika maji mazito yenye chumvi nyingi, na upepo wa kiangazi haufiki huko. Ziwa lina kina cha mita zaidi ya 480.

Turudi kwenye ramani. Nani anaitengeneza? Ile inayozunguka kwenye simu zetu mara nyingi inatoka ICPAC, kituo cha hali ya hewa kilichoko Nairobi, kinachohudumia nchi 11 za Afrika Mashariki, zikiwemo Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania. Kongo haimo kati ya hizo 11. Sisi tumo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo ina kituo chake na mkutano wake wa wataalamu kila mwaka kabla ya mvua za kusini, na nchini tuna METTELSAT, wakala wa taifa wa hali ya hewa. Ila ramani ya kusini inawafaa zaidi watu wa Lubumbashi, kwa sababu mvua zao ni za kusini. Kivu inaishi kwa kalenda ya majirani wa mashariki. Sioni ubaya wowote kwa mtu wa Bukavu kusoma utabiri wa Rwanda magharibi au Burundi kaskazini, mradi ajue anachosoma.

Na anachosoma ni hiki. Wataalamu wanachukua miaka 30, siku hizi ni kuanzia 1991 hadi 2020, na kupanga misimu yake kutoka mkavu kabisa hadi wenye mvua nyingi kabisa. Halafu wanaigawa katika vikapu vitatu, misimu kumi kila kimoja: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Bila habari yoyote mpya, msimu unaokuja una nafasi sawa ya kuangukia kikapu chochote, yaani karibu asilimia 33 kila kimoja. Utabiri wa msimu ni kuisogeza mizani hiyo kidogo. Ukiona kijani chenye namba 45, maana yake ni kwamba nafasi ya kikapu cha mvua nyingi imepanda hadi asilimia 45. Hakuna aliyesema mvua itazidi kwa asilimia 45. Hakuna aliyesema itanyesha siku 45. Na kama kikapu cha kawaida kina 35 na cha chini ya kawaida kina 20, basi ukikutana na kijani cha namna hiyo miaka kumi, tegemea kwamba miaka miwili hivi kati yake itakuwa na mvua chini ya kawaida, na mtabiri hatakuwa amedanganya.

Hilo ndilo gumu kulipokea. Tumezoea kwamba anayejua husema «itakuwa» ama «haitakuwa». Mtu akisema «labda zaidi», tunamwona hajui. Mimi namwamini zaidi huyo wa pili. Anayekuandikia kwenye simu kwamba mvua itaanza tarehe 9 Septemba, naye anaandika mwezi wa tano, hana kifaa chochote duniani kinachoweza kumpa tarehe hiyo.

Kuna jambo jingine kwenye ramani ya Juni hadi Septemba ambalo lilimchanganya jirani yangu: sehemu yetu inaweza kuachwa bila rangi ya maana, kama kijivu au nyeupe. Si kwamba wametusahau. Mahali ambapo kwa kawaida hakuna mvua miezi hiyo, kutabiri «pungufu ya kawaida» hakuna faida. Julai ndio mwezi wetu mkavu kuliko yote. Nusu ya kidogo sana bado ni kidogo sana. Ndiyo sababu nasema utabiri wa kiangazi unaomfaa mtu wa Kivu si ule unaohusu kiangazi chenyewe. Ni ule unaotolewa mwishoni mwa Agosti, unaotazama Oktoba hadi Desemba. Kiangazi ni wakati wa kuangalia bahari.

Bahari mbili zinahusika. Katika Pasifiki, maji ya eneo la ikweta yakipata joto kuliko kawaida tunasema ni El Niño, yakipoa ni La Niña. Katika Bahari ya Hindi kuna mizani kama hiyo kati ya upande wa Afrika na upande wa Indonesia. Wataalamu wanaiita daipoli. Upande wetu ukipata joto na ule wa Indonesia ukapoa, mvua za mwisho wa mwaka Afrika Mashariki huongezeka. Ilitokea kwa nguvu mwaka 1997, ikatokea tena 2019, na mwaka 2023 iliungana na El Niño. Kenya na Somalia zilifurika miaka hiyo. Mizani ikielemea upande wa pili, ukame unafuata.

Je, Kivu nayo inafuata? Inafuata kwa mbali. Nguvu ya bahari hiyo ni kubwa Mombasa na Mogadishu, na inapungua kadiri unavyokuja magharibi, kwa sababu sisi tunapata unyevu mwingine kutoka upande wa pili, kutoka msitu mkubwa wa Kongo. Kwa hiyo redio ya ng'ambo ikitangaza mvua za El Niño, usiende ukahama nyumba yako ya Kadutu siku ileile, wala usipuuze. Na kumbuka kalenda: utabiri wa El Niño uliotolewa kati ya Machi na Mei ndio dhaifu kuliko wote, maana miezi hiyo Pasifiki inabadilika haraka. Daipoli nayo huanza kujionyesha Juni au Julai na kukomaa Septemba hadi Novemba. Picha ya mwezi wa tano imepigwa kabla ya mambo yenyewe kuonekana. Ile ya Agosti ina thamani zaidi, lakini haisambai sana kwenye simu. Watu wamekwisha kuchoka.

Joto ni habari tofauti. Ramani ya joto ikiwa nyekundu kila mwaka, usidhani wataalamu wamekwama kwenye rangi moja. Kawaida wanayolinganisha nayo ni ya 1991 hadi 2020, na dunia imekwisha kuipita. 2024 ulikuwa mwaka wa joto kali kuliko wote uliopimwa, ukaupita 2023. Hapo utabiri una uhakika kuliko wa mvua.

Bado hatujafika kwenye swali la «lini».

Jumla ya mvua ya msimu haimwoteshei mtu maharagi. Mwezi wa tisa mvua inakuja siku mbili tatu, ardhi inanukia, kila mtu anachukua jembe. Halafu jua linarudi wiki mbili. Mbegu imekwisha kupasuka, mzizi mdogo hauna maji, inakufa. Mwisho wa Desemba mtaalamu anajumlisha vipimo na kuandika «msimu wa kawaida», na kweli ulikuwa wa kawaida. Ila mama aliyepanda mapema amepoteza mbegu na itabidi anunue nyingine kwa bei ya watu wenye shida. Hilo ramani ya rangi haiwezi kulionyesha.

Na upande wa mvua kubwa mambo ni yaleyale. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, kaskazini mwetu kando ya ziwa, mvua ya siku moja iliteremsha mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 3, ng'ambo ya ziwa, Rwanda magharibi na kaskazini ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 130. Hakuna kikapu cha msimu kinachoweza kuonya kuhusu siku moja kama hiyo. Kwa siku moja kuna utabiri wa siku moja, na unahitaji mtu wa kuufikisha kijijini kabla giza halijaingia.

Kati ya msimu na siku kuna hatua ya tatu ambayo watu hawaijui, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na swali la jirani yangu: utabiri wa wiki mbili hadi nne. Unategemea zaidi wimbi kubwa la mawingu linaloizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki kwa siku 30 hadi 60, lililoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Roland Madden na Paul Julian. Sehemu yake yenye mvua ikiwa juu ya Bahari ya Hindi, pepo zinavutwa kutoka upande wa Kongo, na mvua zinapata nguvu Kivu hadi Kenya. Ikishapita, tunaweza kukaukiwa katikati ya msimu wa mvua. Ile mvua ya uongo ya Septemba wakati mwingine ni wimbi hilo tu linapita, na ukanda wenyewe bado haujafika.

Kiangazi kina hatari zake pia, nisizitaje kwa haraka hivi kana kwamba ni ndogo. Kadutu, nyumba za mbao zilizobanana zikikauka, cheche moja ya makaa inaondoka na mtaa. Goma, mji umejengwa juu ya mawe ya volkano yanayomeza maji. Hakuna kijito, na mvua ya paa ikikatika watu wanapanga mabidoni kwenda ziwani. Julai 1994, kwenye kambi zilizouzunguka mji ule, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa wiki chache. Maji ya ziwa yatiwe klorini au yachemshwe, mwaka uwe wa kijani au wa kahawia.

Jioni ile nilimwambia jirani yangu kwamba ramani yake imetengenezwa mapema mno, tuangalie tena mwisho wa Agosti. Nikamwambia asifuate mvua ya kwanza bali udongo: jembe likizama lote na udongo wa chini nao umelowa, na utabiri wa siku kumi hauonyeshi mapumziko marefu, hapo apande. Asipande shamba lote kwa siku moja. Na mbegu ya akiba isipikwe hata wageni wakija.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri. «Mama yangu alikuwa anapanda mara tatu,» akasema. «Chini bondeni kwanza, halafu katikati, halafu juu. Sisi tuliacha kwa sababu ya kukimbilia soko.»

Akaifuta ile picha kwenye simu yake. Kisha akaniomba nimwandikie kwenye kalenda yake ya ukutani, kwenye ukurasa wa Agosti, neno moja: «bahari».